Jicho la Fundi Lilichukuliwa, Sasa Tunauziwa Tena

Wasee wa mashine wakikutana, mjadala wa programu za uigaji wa CNC huwa kama mjadala wa Arsenal na Man U. Kila mtu ana timu. Huyu anasema Vericut ama hakuna. Yule anasema ile iliyo ndani ya CAM yake inatosha, kwa nini ulipe mara mbili? Mwingine anasema tafuta ya bure mtandaoni na ukae kimya. Halafu wanaanza kuonyeshana video: chuma kinang'aa, kisu kinapita, rangi safi kama gemu ya PlayStation.

Mimi naona wanabishana kuhusu kitu kidogo. Picha si hoja. Swali la maana ukichagua programu ya uigaji ni moja: hii programu inasoma nini? Inasoma mawazo ya CAM, inasoma msimbo ule ule mashine itapewa, ama inafikiri kama kompyuta ya mashine yenyewe? Hayo ni mambo matatu tofauti. Na ukitaka kujua kwa nini, hakuna brosha itakuambia. Historia ndiyo itakuambia.

Kwa hivyo tulia, leo tunarudi nyuma zaidi ya miaka 70.

Kwanza, hii mashine ni gani?

Kuna njia mbili kubwa za kukata chuma. Ya kwanza ni kukereza, kwa ile mashine mafundi wanaita lethi. Chuma kinazunguka, kisu kimetulia, kinasogea polepole na kupunguza. Hivyo ndivyo unapata shafti, bushi, bolti, kila kitu cha duara. Ya pili ni kuchonga kwa milingi. Hapo chuma kimefungwa hakizunguki, kisu ndicho kinazunguka. Hivyo ndivyo unapata pande bapa, mifereji na matundu ya pembeni.

Zamani kipande kikihitaji zote mbili kilitembea. Kinakerezwa huku, kinafunguliwa, kinapelekwa kule, kinafungwa tena, kinachongwa. Kila ukifungua na kufunga, kinahama kidogo. Hiyo nywele moja ya kuhama inatosha kuharibu kazi.

Basi watu wakaunganisha. Mashine moja inakereza na kuchonga bila kipande kutoka ndani. Mazak wa Japani wana familia inayoitwa Integrex. WFL wa Linz, Austria, wao wameweka kabisa neno Millturn kwenye jina lao. Kuna Nakamura-Tome, kuna DMG Mori, kuna Index, kuna Okuma.

Sasa fungua mlango uangalie ndani. Kwenye zile kubwa utakuta spindo mbili zinazotazamana, yaani vishikio viwili vyenye taya vinavyozungusha chuma. Utakuta tareti moja juu na nyingine chini, zile gudulia zilizojaa visu pande zote. Kuna kichwa cha kuchonga kinachoinama. Spindo ya pili inasogea, inapokea kipande kutoka kwa ya kwanza vyote viwili vikizunguka, kisu kinakata katikati, na kazi inaendelea upande wa pili. Programu mbili ama tatu zinaendeshwa kwa wakati mmoja ndani ya sanduku dogo kuliko jikoni ya bedsitter.

Kila kitu humo kinaweza kugonga kila kitu. Na kikigonga, si kisu tu kinavunjika. Spindo inaweza kupinda, mashine ikasimama wiki kadhaa, na bosi akaanza kutafuta nani alaumiwe. Mara nyingi ni yule kijana aliyebonyeza kitufe cha kijani.

Hiyo ndiyo sababu uigaji si mapambo.

Watu watatu na karatasi ya namba

Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Traverse City, Michigan, kulikuwa na John Parsons. Kampuni yake ilitengeneza mabawa ya helikopta, yale yanayozunguka juu. Ili bawa liwe sawa ulihitaji kipimo cha kulilinganisha nalo, na kipimo chenyewe kilikuwa na mkunjo mgumu kuuchora kwa mkono.

Injinia wake, Frank Stulen, akatumia mashine za IBM za kadi zilizotobolewa kuhesabu namba za mkunjo huo, nukta 200. Halafu ikaja sehemu ninayoipenda sana. Namba zikaandikwa kwenye karatasi. Fundi mmoja akashika mkono wa mashine wa kwenda kushoto na kulia. Wa pili akashika wa mbele na nyuma. Wa tatu akawa anawasomea namba kwa sauti. Wanasogeza, wanatoboa, wanasomewa tena.

Hiyo ndiyo CNC ya kwanza, wasee. Haina kompyuta kwenye mashine. Ni watu watatu na karatasi.

Lakini angalia vizuri. Yule anayesoma akiruka mstari, ama akisoma 51 badala ya 15, wale wawili wako pale. Wana macho. Wanaona kisu kinakaribia mahali hakifai, wanasimama, wanauliza, "Buda, una uhakika?" Uigaji ulikuwa bure, ulikuwa kichwani mwa fundi.

Mwaka wa 1949 Jeshi la Anga la Marekani lilimpa Parsons kandarasi ya kuendeleza wazo lake. Yeye akawaita MIT, kwenye maabara yao ya vidhibiti mwendo, na haikuchukua muda MIT wakawa ndio wenye mradi. Mwaka wa 1952 wakaonyesha mashine ya milingi ya Cincinnati inayosoma utepe wa karatasi uliotobolewa na kujisogeza kwenye mihimili mitatu. Kando yake kulikuwa na makabati yaliyojaa taa za elektroniki za zamani zile, kabla ya chipu.

Wale mafundi wawili wa kushika mikono ya mashine wakatoka. Wakatoka na macho yao.

Je, lilikuwa bahati mbaya?

Hapa kuna mzozo wa kweli wa historia. Wakati huo huo kulikuwa na njia nyingine. General Electric walikuwa na mfumo wa kurekodi na kurudia: fundi anatengeneza kipande cha kwanza kwa mkono, mashine inarekodi miondoko yake kwenye utepe, halafu inarudia yenyewe. Yaani maarifa yanabaki kwa fundi. Yeye ndiye anatunga, mashine inakariri.

Njia hiyo haikushinda. Mwaka wa 1984 mwanahistoria David Noble alitoa kitabu kinachoitwa Forces of Production, na hoja yake ilikuwa kali: mameneja na jeshi walipenda utepe wa namba kwa sababu ulihamisha mamlaka kutoka kwa fundi aliye kwenye mashine hadi kwa ofisi ya juu. Fundi akibishana, unabadilisha utepe tu.

Kuna hoja ya upande wa pili pia, na si ya kupuuza. Bawa la ndege lina mikunjo ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuifuata kwa usahihi hata mara moja, kwa hivyo hakuna cha kurekodi. Mimi naona wote wana ukweli wao. Hesabu ilihitajika kwa bawa la ndege. Haikuhitajika kumnyima fundi nafasi ya kugusa programu ya bushi.

Ila matokeo ni yale yale. Anayeandika programu hayuko kwenye mashine. Aliye kwenye mashine hajaandika programu. Kati yao kuna utepe, na utepe hauna macho. Kila programu ya uigaji unayoiona leo ilizaliwa kujaza hilo pengo.

Kukata hewa

Mwezi Februari 1959, MIT waliita waandishi wa habari kuwaonyesha APT, lugha ya kuandikia mashine programu iliyoongozwa na Douglas Ross. Badala ya kupiga hesabu ya kila nukta, unaandika maneno yanayofanana na Kiingereza, kompyuta inakuhesabia. Wageni walipewa visahani vya majivu ya sigara vya alumini, vilivyochongwa kwa mfumo huo.

Sasa kompyuta inakohesabu iko mbali na mashine, na kosa moja la kuandika linazaa mamia ya nukta mbaya. Unajuaje kabla ya kuharibu chuma cha bei?

Walifanya mambo matatu. Kwanza, walichora njia ya kisu kwa kalamu kwenye karatasi kubwa na mtu akakodoa macho. Pili, walikata hewa: unainua kisu juu ya kipande, unaendesha programu yote bila kugusa chochote, unasimama hapo ukiangalia. Tatu, walikata kitu rahisi kwanza, kama povu, nta ama mbao.

Usicheke. Kukata hewa bado kunafanywa leo, hata hapa kwetu. Shida ni muda. Mashine ya mamilioni inaendeshwa saa nzima bila kutoa kipande hata kimoja. Kwenye mashine yenye tareti mbili ni mbaya zaidi, kwa sababu ukiinua visu vyote umebadilisha umbali kati ya vitu. Kile kilichokuwa kigongane hakigongani, na kile ambacho hakingegongana kinagongana. Unapima kitu kingine kabisa.

Njiti za ufagio

Miaka ya 1970 na 1980 skrini zikafika. Mwanzoni ulichokiona kilikuwa mistari tu: njia ya kisu imechorwa kama buibui aliyepotea. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya uigaji, na bado iko. Tovuti nyingi za bure ukiweka msimbo zinakupa mistari. Inasaidia kuona kosa kubwa, lakini mstari hauna unene. Haujui kisu kina kipenyo gani, haujui kishikio chake kinapita wapi.

Pale Chuo Kikuu cha Rochester, Herbert Voelcker na William Hunt walikuwa wakifikiria vitu vigumu ndani ya kompyuta, na mwaka wa 1981 wakaeleza jinsi ya kuvitumia kukagua programu za mashine: chukua umbo la chuma, toa umbo la njia yote ya kisu, kinachobaki ndicho kipande chako. Wazo safi. Ila hesabu yake ilikuwa nzito mno kwa kompyuta za wakati ule. Kila mwendo mdogo wa kisu ni umbo jipya la kutoa, na programu ya kawaida ina maelfu.

Mwaka wa 1986 Tim Van Hook akaja na ujanja. Fikiria ufagio wa njiti uliosimamishwa wima, njiti zimebanana. Hizo njiti ndizo chuma chako. Kisu kikipita, hupigi hesabu ya maumbo, unafupisha tu njiti zilizoguswa. Rahisi, haraka, unaona chuma kikipungua papo hapo. Udhaifu wake ni kwamba njiti zimepangwa kulingana na mahali umesimama. Ukitaka kuangalia kutoka upande mwingine, unaanza upya. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Zile video zinazong'aa za leo ni wajukuu wa huo ufagio.

Mwaka wa 1988, California, ikaanzishwa CGTech na programu yake Vericut, mpaka leo jina linalotajwa kwanza kwenye mjadala huu. Hiyo ndiyo ngazi ya pili: kuona chuma kikitolewa, na kulinganisha kilichobaki na mchoro.

Ngazi ya tatu: mashine yenyewe ndani ya skrini

Kwa milingi ya mihimili mitatu, ngazi ya pili ilitosha sana. Kwa mashine ya kukereza na kuchonga, inakudanganya. Kwa nini?

Kwa sababu ngazi ya pili inaona kisu na kipande tu. Kisu kinaweza kuwa salama kabisa huku mgongo wa tareti unaingia kwenye taya za spindo ya pili. Kwa hivyo lazima mashine nzima iwe ndani: milango, taya, tareti, vishikio, na jinsi kila mhimili umebeba mwingine. Pia kipande kikihama kutoka spindo ya kwanza hadi ya pili, lazima kihame vile kilivyo, kikiwa kimekatwa nusu. Kuna programu ambazo zamani zilianza upande wa pili na pao jipya la duara, kana kwamba hakuna kilichofanyika. Hapo picha inakuonyesha chuma ambacho hakipo.

Halafu kuna suala la posti, na hapa naomba umakini wako wote.

CAM haiongei lugha ya mashine. Inaandika njia ya kisu kwa lugha yake ya ndani, kisha mtafsiri anayeitwa posti anaigeuza kuwa msimbo wa G. Huo msimbo una kiwango rasmi, RS-274-D cha Marekani, na baadaye ISO 6983 cha mwaka 1982. Lakini kila mtengenezaji wa kontrola aliongeza vyake, na ndani ya kampuni moja tu utakuta maana mbili.

Mfano. Kwenye milingi ya Fanuc, G90 inaambia mashine namba zinazofuata zinapimwa kutoka sifuri moja isiyobadilika. Kwenye lethi ya Fanuc inayotumia mfumo A wa msimbo, G90 ni mzunguko mzima wa kukereza: ingia, kata, toka, rudi. Herufi ile ile, namba ile ile, kitendo tofauti kabisa. G99 ni hivyo hivyo. Kwenye milingi inaambia kisu kinachotoboa kirudi kimo fulani, kwenye lethi inapanga mwendo wa kisu kwa kila mzunguko wa chuma. Sasa wewe una mashine ambayo ni lethi na milingi kwa pamoja. Posti ikikosea, CAM yako bado itaonyesha video safi, kwa sababu CAM inaigiza mawazo yake yenyewe kabla ya tafsiri. Ni kama kusahihisha barua ya Kiswahili halafu ukatuma ile ya Kifaransa ambayo hujaisoma.

Ongeza kusubiriana. Tareti ya juu na ya chini zina programu tofauti, na kuna alama za kuambiana "ningoje hapa". Siemens wana WAITM. Okuma wanatumia herufi P na namba. Fanuc wanatumia namba za M ambazo mtengenezaji wa mashine amezitenga kwa kazi hiyo. Alama moja ikikosekana upande mmoja, unapata moja ya mambo mawili: mashine inasimama milele ikingoja, ama tareti moja inaingia mahali nyingine haijatoka. La kwanza ni kero. La pili ni hasara.

Ndiyo maana ngazi ya tatu inasoma msimbo baada ya posti, chaneli zote kwa pamoja, na kusogeza mashine nzima. Vericut inafanya hivyo, NCSIMUL iliyotoka Ufaransa inafanya hivyo, na baadhi ya CAM sasa zinafanya pia, kama ukiwasha na kulipia sehemu hiyo.

Juu yake kuna ngazi ya nne. Hata anayesoma msimbo anakisia jinsi kontrola itauelewa. Siemens wakaamua kutoa akili ya kontrola yao ikimbie ndani ya kompyuta ya kawaida, kwa hivyo anayeigiza na anayekata ni ubongo ule ule. Okuma wakaenda upande wa pili: uigaji uko ndani ya mashine yenyewe, unatangulia kidogo mbele ya visu, na ukiona mgongano unasimamisha kabla haujatokea. Huo unajua hata namba uliyobadilisha dakika moja iliyopita, kitu ambacho programu ya ofisini haiwezi kujua.

Nani anauza jicho leo?

Kuna jambo wauzaji hawalitaji sana. Programu nyingi za CAM hazijaandika uigaji wao wenyewe. Zinanunua injini kutoka kwa kampuni chache, kama MachineWorks ya Sheffield, Uingereza, na ModuleWorks ya Aachen, Ujerumani. Kwa hivyo wale wasee wawili wanaobishana picha ya nani ni safi, inawezekana kabisa wote wanaangalia injini moja iliyovaa rangi mbili.

Umiliki nao umebadilika. Mwaka wa 2018 Hexagon ya Uswidi ilinunua kampuni yenye NCSIMUL, na baadaye ikanunua wenye ESPRIT. Mwaka wa 2021 Sandvik, pia ya Uswidi, ambayo umaarufu wake mkubwa ni kuuza visu vya kukatia, ilinunua CGTech yenye Vericut, ikanunua wenye Mastercam, ikanunua wenye GibbsCAM. Anayekuuzia kisu sasa anakuuzia na jicho la kukiangalia. Si uovu, ni biashara. Ila fundi wa mwaka 1948 alikuja na jicho lake kazini asubuhi. Wewe unalilipia leseni kila mwaka.

Na sisi je?

Historia hii imefika Nairobi, tena ina jina. Mwaka wa 1986 serikali ya Moi ilianzisha mradi wa gari la Nyayo pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1990 magari ya majaribio yakaonyeshwa Kasarani. Gari halikuwahi kuuzwa. Lakini kutoka kwa mradi huo ikabaki karakana kwenye eneo la Reli, na ikaitwa Numerical Machining Complex. Soma hilo jina tena. Watu wanacheka gari la Nyayo kila mwaka, lakini mradi uliacha wazo kwamba nchi hii inaweza kukata chuma kwa namba.

Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo naongea na wale ambao kitambulisho cha mwanafunzi hawana. Leseni za bure nyingi ni za wanafunzi. Ukitoka chuoni, mlango unafungwa. Fusion ya Autodesk ina leseni ya matumizi binafsi, lakini mwaka wa 2020 waliipunguza: kubadilisha visu kwa kujiendesha na mwendo wa kasi kwenye msimbo vikaondolewa, na mihimili mingi ya pamoja pia. CAMotics ni ya bure kabisa, ila ni ya mihimili mitatu, haijui spindo mbili.

Lakini kuna LinuxCNC. Mizizi yake ni kazi ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, miaka ya 1990, na kwa kuwa ilikuwa kazi ya serikali, iliachiwa umma. Inakuja na mipangilio ya kuendesha kontrola bila mashine yoyote. Yaani hiyo si picha ya kontrola, ni kontrola yenyewe, kwenye laptopu ya mtumba kutoka Moi Avenue. Haikuundwa kwa tareti mbili zinazofanya kazi pamoja, kwa hivyo haitakumalizia kazi ya mashine kubwa. Ila itakufundisha kusoma msimbo mstari kwa mstari, na hilo ndilo jicho lenyewe.

Basi nichague vipi?

Ukiwa na sauti kwenye karakana yenye mashine ya kukereza na kuchonga, mwambie muuzaji aweke video kando, kisha umuulize haya:

1. Inasoma msimbo baada ya posti, ama njia ya ndani ya CAM? Kama ni ya ndani, umenunua sinema.
2. Inaendesha chaneli zote pamoja na kuheshimu alama za kungojana za kontrola yangu?
3. Kipande kikihama spindo, kinahama kikiwa kimekatwa?
4. Mfano wa mashine ni wa mashine yangu hii, taya zangu na vishikio vyangu, ama ni wa familia nzima? Nani ataujenga, na ni pesa ngapi? Hapa ndipo bei ya kweli hujificha.
5. Naweza kukuletea programu niliyoiharibu kwa makusudi, uone kama utashika kosa?

Hilo la tano ndilo bora. Ondoa alama moja ya kungoja. Andika G90 mahali pasipofaa. Fupisha urefu wa kisu kwa sentimita mbili. Programu ikipita bila kulalamika, mshukuru muuzaji kwa chai na uende nyumbani.

Hata ukipata ile bora kabisa, kuna vitu haioni. Haioni taya zilizokazwa vibaya. Haioni kwamba mtu wa zamu ya usiku aliweka kisu cha namba 7 kwenye nafasi ya namba 8. Haioni vyuma vyembamba vinavyojisokota kwenye kipande mpaka maji ya kupoza yasifike. Ndiyo maana karakana zenye akili bado huanza kipande cha kwanza mstari mmoja mmoja, kasi imeshushwa, kidole kiko kwenye kitufe cha kusimamisha, na mtu amekodoa macho dirishani.

Tangu 1952 wameuliza jinsi ya kufanya kazi bila huyo mtu. Wametumia kalamu, povu, njiti za ufagio, na kompyuta ndani ya kompyuta, na kila ngazi imesaidia kweli, sibishi. Lakini kijana anayejua kusoma msimbo, anayejua kwa nini posti inadanganya na mahali tareti zinangojana, huyo hatishwi na programu. Anaitumia. Asiyejua anaiamini, na kuamini picha ndiko kunakovunja spindo.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza ni programu gani nzuri, jifunze kusoma kile inachosoma. Leseni huisha Desemba. Hiyo nyingine haiishi.